Fundi wa Bei Moja

Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka, kwa rangi nyeusi iliyosalia madirisha ya kanisa yalipopakwa. Kilisema: FUNDI N. GATIMU. KUSHONA KAPTULA SHILINGI MBILI. BEI NI MOJA. Katika kijiji kizima walioweza kukisoma hawakufika kumi, lakini kila mtu alisimama kukitazama, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichoandikwa pale ambacho hakikuwa amri.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa 1956. Serikali ilikuwa imetutoa katika mashamba yetu na kutukusanya ng'ambo ya Ruring'u, katika nyumba za nyasi zilizopangwa kwa mistari kama mahindi. Tulizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na lango lilikuwa moja tu. Hapo langoni homgadi, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki na serikali, walimpekua kila aliyetoka na kila aliyeingia. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Mimi nilibaki kwa sababu sikula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Bunduki ya homgadi nayo niliikataa, kwa hiyo pande zote mbili hazikunipenda, na kwa kiasi kile kile. Mimi na mke wangu Keziah tulikuwa miongoni mwa ndugu waliookoka, wale ambao mtu akikosa husimama mbele ya wenzake na kulisema kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Kabla ya hali ya hatari nilikuwa nimesoma shule ya jioni mjini Nyeri kwa miaka minne, huku mchana nikifua nguo za watu. Nilitoka huko nikijua kusoma, kuandika na hesabu za mafungu, tena Kiingereza cha kutosha kuelewa maandishi ya kwenye boksi la nyuzi. Kushona nilijifundisha kwa kuzifumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa. Kwa hiyo mzee wa kanisa, Barnabas, alipokuwa akitafuta mtu wa kumpa cherehani ya mkono iliyokaa stoo tangu darasa la akina mama lifungwe, hakutafuta sana.

Siku tulipoileta nyumbani, mimi na Keziah tulipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, tukaiwekea mikono kama vile watu wanavyomwekea mgonjwa. Tulimwomba Mungu mambo mawili: kazi ipatikane, na kinywa changu kisiseme uongo katika kazi hiyo.

La pili ndilo lililotuletea taabu.

Kazi ya kijiji wakati huo ilikuwa kuchimba handaki refu kando ya msitu, siku sita kwa juma, wanawake kwa wanaume. Hedimani wetu, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa Mathenge. Mtu huyu mnene mwenye koti la kijeshi lililokosa vifungo viwili, alikuja kuitazama cherehani yangu. Aliizungusha mara moja, akatikisa kichwa.

"Fundi mwenye wateja hachimbi," akasema. "Fundi asiye na wateja ni mvivu aliyepata kiti. Nakupa mpaka Krismasi, Gatimu. Nisipowaona watu hapa mlangoni, hicho chombo kitarudi kwa Barnabas na wewe utapewa jembe."

Nilimshukuru. Sikuwa na hofu yoyote. Watoto wa kijiji walivaa matambara, na shule ilikuwa inafunguliwa Januari. Mama zao walikuwa wameweka vipande vya kaki na marekani vilivyonunuliwa zamani kwenye maduka ya Wahindi. Niliona wateja wanakuja kama mvua.

Aliyetangulia alikuwa Cucu Wakonyo, yaani nyanya Wakonyo, kikongwe mdogo mwenye masikio yaliyotobolewa. Hakuwa mtu wa kanisa. Ujana wake wote aliumalizia sokoni Othaya, na walisema kwamba aliwahi kumnunua mbuzi kwa mtu ambaye hakuwa amekuja kuuza. Alinitupia kipande cha kaki mapajani.

"Ni ya mjukuu wangu. Kaptula. Ngapi?"

"Shilingi mbili, cucu."

"Nitakupa thumuni."

"Ni mbili, cucu."

"Senti sitini, kwa sababu namjua mama yako."

"Bei ni mbili tu."

Alinitazama kana kwamba nimejikwaa na anangoja nisimame. "Sikiliza, mwanangu. Nimesema thumuni, nikapanda mpaka sitini. Sasa ni zamu yako."

"Sina zamu, cucu. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo. Kama nataka mbili, halafu naanza kwa kusema tatu, hiyo tatu ni uongo."

"Basi sema hiyo tatu, tuzungumze."

"Siwezi."

Alikichukua kipande chake cha kaki, akakikunja polepole na kukiweka kwapani. "Nimetoka handakini na mgongo unaniuma," akasema. "Nimekuja kwako, na wewe hutaki hata kuongea na mimi." Akaenda zake.

Niliona kwamba nimemshinda Shetani. Jioni nilimweleza Keziah, nikitarajia afurahi. Keziah alilelewa na mama muuza maharagwe wa Kagio. Aliendelea kukoroga uji bila kuinua macho.

"Umemfukuza mgeni kabla hajaketi," akasema.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikuja kumi na wanne, na wote waliondoka na vitambaa vyao. Mmoja aliniuliza kama mimi ni mgonjwa. Mwingine akasema hata Mhindi wa Nyeri, ambaye hamjui baba yake wala ukoo wake, humpunguzia senti kumi na kumpa peremende. Mwisho wa Novemba nilikuwa nimeshona kitu kimoja tu, pazia la Barnabas, naye hakunilipa kwa kuwa cherehani ilikuwa ya kanisa. Hedimani Mathenge alianza kupita mlangoni kila asubuhi, akichungulia ndani na kusema, "Naona unapumzika."

"Jaribu mara moja tu," Keziah akaniambia. "Mtu mmoja. Sema tatu, ushuke mpaka mbili. Utachukua mbili ile ile uliyotaka."

Siku hiyo ilikuwa ya baridi, ukungu umeziba mlima wote, na sauti za majembe zilisikika kutoka handakini. Nilizisikiliza. Kisha akaja Benter, mke wa konstebo Seth, watu wa Nyanza waliokaa kwenye mistari ya polisi. Alitaka kaptula ya mtoto wake.

"Ngapi, fundi?"

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. "Tatu," nikasema.

"Ai. Wewe unataka kuniua na watoto wangu? Moja."

"Mbili na nusu."

"Moja na thumuni, na sitaongeza hata ukilia."

"Mbili, basi."

"Mbili. Haya, shona." Akacheka, akaketi kwenye kiti cha wageni na kukaa saa nzima akitupa habari za kwao. Aliondoka akiwa na furaha, na Keziah pia alikuwa na furaha. Mimi nilishona ile kaptula kama mtu anayeshona sanda.

Jumapili, baada ya ibada, ndugu walikaa pamoja kama desturi, na mtu mwenye neno akasimama. Nilisimama. Benter alikuwa amekaa benchi la pili, mtoto wake amevaa kaptula yangu. Nilisema yote. Nilisema kwamba niliogopa jembe kuliko nilivyomwogopa Mungu, kwamba nilitamka tatu wakati moyoni nilikuwa na mbili, na kwamba nilimdanganya dada huyu mchana kweupe. Machozi yalinitoka. Sikujali.

Benter akasimama, taratibu, akijifunga leso vizuri kiunoni.

"Fundi, mimi nilijua ni mbili," akasema. "Kibao yako iko hapo mlangoni na mimi naweza kusoma. Uliposema tatu nilidhani unanichangamsha. Nikasema, leo fundi ameamka vizuri."

Aliyeanza kucheka alikuwa Keziah, mke wangu mwenyewe. Akafuata Barnabas, aliyejaribu kujizuia kwa kukohoa. Kisha kanisa zima likacheka, wazee kwa vijana, wakishikana mabega. Sijui ilikuwa imepita miaka mingapi tangu watu wale wacheke pamoja. Nilisimama pale na machozi yangu mashavuni, na mwisho nikacheka na mimi. Barnabas akaniombea, ingawa alilazimika kuanza maombi mara tatu.

Habari ilifika kila mstari wa kijiji kabla ya ng'ombe kurudi. Asubuhi ya Jumatatu Cucu Wakonyo alikuwa mlangoni pangu, kaki yake kwapani.

"Nimekuja kumwona mwanamume anayelia kwa sababu ya shilingi," akasema. "Kumbe ni kweli. Macho bado yamevimba."

"Karibu, cucu. Bei bado ni mbili."

"Hilo nimeshasikia, na kanisa lote limesikia." Safari hii akaketi. "Mimi nilidhani wewe ni mchoyo. Mchoyo ninamjua, nimepambana na wengi. Lakini mchoyo halii. Kwa hiyo nataka nikuulize kitu, Nehemiah wa Gatimu. Unadhani watu wanataka hiyo senti kumi?"

"Sijui, cucu."

"Hawaitaki. Mimi ninapanda kidogo, wewe unashuka kidogo, tukikutana nimejua kwamba umeniona. Nikitoka hapa ninasema, yule fundi ni mtu wangu, amenisogelea. Handakini wananiita namba sitini na tatu. Langoni wananiita wewe. Sokoni tu ndipo nilipokuwa nikizungumza na mtu, na soko wamelifunga." Alinyoosha kaki juu ya goti lake. "Sawa. Bei yako imefungwa na Mungu, haisogei. Je, kuna kitu gani kwako kinachosogea?"

Nilitazama meza yangu. Chini yake palikuwa na kikapu cha vipande vilivyobaki. Na hapo nikakumbuka kwamba Bwana yule yule aliyesema ndiyo iwe ndiyo alisema pia kuhusu kutoa, na hakusema tutoe sawasawa na kupima kwa uzi. Alisema tujaze, tushindilie, tutikise, mpaka imwagike. Lile la kwanza nilikuwa nimeliandika kwenye kibao. Hili la pili sikuwa nimempa mtu yeyote.

"Mfuko," nikasema.

"Mfuko gani?"

"Kaptula ya shilingi mbili ina mfuko mmoja. Ninaweza kukuongezea."

Uso wa kikongwe yule ulibadilika. Aliketi vizuri, akavuta kiti mbele, akakohoa kidogo kama mwimbaji. "Mifuko sita," akasema.

"Cucu, mtoto ana miguu miwili tu. Miwili."

"Miwili? Mimi niliyemkanda mama yako tumbo siku ulipozaliwa? Mitano."

"Miwili, na kifungo cha kweli badala ya kamba."

"Kifungo nakipokea. Mitano bado iko pale pale."

"Mitatu, na pindo refu ndani, uilegeze akikua."

"Refu kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa vidole. Akavipanua vidole vyangu kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakipita na maji walitua mitungi, na mmoja akamshauri asikubali mitatu, mwingine akanishauri mimi nisiongeze pindo. Tulimalizia kwenye mifuko minne, kifungo, na pindo la vidole vitatu. Hakuna neno hata moja nililosema ambalo halikuwa kweli. Wakonyo alisimama, akanipa mkono, na hapo hapo nje akawatangazia wenzake, "Yule ni mtu wangu."

Kabla ya jua kutua nilikuwa na vitambaa sita. Kufikia Ijumaa vilikuwa vimejaa mpaka kitandani. Keziah alikaa kando yangu akikata mifuko, na yeye alikuwa hatari kuliko mimi: aliweza kumtoa mtu kwenye mifuko saba mpaka mitatu kwa kumsifu mtoto wake tu. Watu walikuja wakitoka handakini, matope yakiwa bado miguuni, wakaketi na kubishana na kucheka. Mtu aliondoka na kaptula yenye mfuko wa nyuma, mfuko wa ubavuni, kimfuko cha senti ndani ya mfuko mwingine. Mama mmoja alitaka mfuko gotini, nikauweka.

Kosa letu lilikuwa moja. Tulisahau tunaishi wapi.

Siku kumi kabla ya Krismasi, watoto walitoka asubuhi kwenda kuchota maji na kutafuta kuni. Homgadi langoni walikuwa na amri ya kupekua kila mfuko, kwa sababu chakula na risasi vilipitishwa kwenda msituni. Siku zote watoto walipita haraka. Matambara hayana mifuko. Asubuhi ile walipanga mstari watoto arubaini, kila mmoja na mifuko minne au mitano, na katika kila mfuko palikuwa na kitu, maana mtoto aliyepata mfuko kwa mara ya kwanza hauachi mtupu. Homgadi walitoa mbegu, vijiti, konokono, gololi za udongo, na kinyonga mmoja aliye hai, ambaye alimfanya homgadi mwenye bunduki akimbie mpaka kwenye mnara wa ulinzi. Jua lilipanda. Watu wa handaki walikwama nyuma ya watoto, na kazi ya serikali ikaanza saa nne.

Hedimani Mathenge alikuja kwangu akitembea haraka, jambo ambalo si kawaida ya mtu wa tumbo lile. Nyuma yake ulikuja umati, na mbele ya umati Cucu Wakonyo.

"Gatimu," akasema, akihema. "Nilikuambia utafute wateja. Sikukuambia uharibu lango la serikali. Leo hii unafunga. Kesho utachukua jembe."

Keziah alinishika mkono. Mimi nilisimama. "Hedimani, niadhibu mimi, lakini nguo za watoto—"

"Nguo za watoto zikatwe mifuko yote. Kuanzia leo, mifuko hakuna."

"Hakuna?" Wakonyo akauliza kwa upole. Alikuwa amesogea mpaka mbele ya kifua cha koti lile. "Hedimani, Julai na baridi yake, mtoto ataweka mikono wapi? Wewe mwenyewe sasa hivi umeweka yako wapi?"

Mathenge aliitoa mikono mfukoni. Watu wakaguna kicheko.

"Cucu, nimesema hakuna."

"Nimesikia. Mimi nilikuwa nataka sita. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu mkubwa na una kazi nyingi, nitasema mitano."

"Mitano? Homgadi wangu watapekua mpaka Pasaka. Hata mmoja ni taabu."

"Mmoja ni taabu ndogo, hiyo nakubali. Mitatu ni taabu ya kiasi. Minne."

"Mmoja, cucu, na uwe mbele, mahali unapoonekana."

"Mbele ni sawa, umesema vizuri. Na mkono wa pili wa mtoto? Umfie kwa baridi? Mitatu, yote mbele."

"Miwili," akasema Mathenge. "Miwili, mbele, bila vimfuko vya ndani. Na vinyonga hapana."

"Vinyonga hapana," Wakonyo akarudia. Akamnyooshea mkono, na hedimani, kabla hajafikiri, akaupokea.

Nilimwona anapotambua kwamba amekwisha kupatana bei. Alitazama mkono wake ndani ya mkono wa yule kikongwe, kisha akatazama watu, waliokuwa wamekaza midomo yao kwa nguvu. Kitu fulani kilipita usoni pake. Nadhani alimkumbuka mama yake. Mabega yakalegea.

"Na fundi?" Wakonyo akauliza. "Nani atatoa hiyo mifuko mingine bila kuharibu nguo? Jembe?"

"Fundi atakaa hapa," Mathenge akasema. "Ana wateja. Nimewaona. Nimewaona mpaka nimechoka."

"Iandikwe."

Mathenge hakujua kuandika, wala homgadi wake. Kwa hiyo niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora, kwamba N. Gatimu ni fundi wa kijiji na hachimbi, naye akatia alama ya kidole. Alikuwa anageuka kuondoka Wakonyo alipomvuta mkono wa koti.

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani tena?"

"Hedimani, umekuwa sokoni. Biashara gani inaisha bila nyongeza? Sisi vikongwe, Jumamosi tusichimbe."

"Jumamosi hii," akasema.

"Kila Jumamosi."

"Jumamosi mbili kwa mwezi, na unaniacha niende."

"Tumefunga," Wakonyo akasema, na safari hii watu hawakuweza tena kujizuia. Walicheka mpaka homgadi wa mnarani akachungulia kuona kuna nini. Mathenge alitembea hatua tano, akasimama, akarudi. Alivua koti lake na kuliweka mezani pangu bila kunitazama.

"Vifungo viwili," akasema. "Na mfuko wa ndani. Ngapi?"

"Shilingi mbili," nikasema. "Bei ni moja."

"Nilijua." Akavuta kiti, akaketi, akapiga mikono magotini. "Basi tuzungumze juu ya huo mfuko. Uwe na kina gani?"